Mtumishi wa Chuma na Utu wa Bwana Wake

MWEZI Oktoba mwaka 2025, kampuni moja ya huko California, Marekani, ilianza kupokea malipo ya awali kutoka kwa watu wanaotaka kuletewa mtumishi wa nyumbani wa namna mpya. Mtumishi huyu haugui, haombi ruhusa ya kwenda msibani, hadai likizo, wala hana mtoto wa kulipiwa ada ya shule. Jina lake ni NEO. Ana kichwa, mikono miwili na miguu miwili. Kimo chake ni sentimita 168, uzito wake ni kilo 30, na amevishwa vazi laini lililofumwa mfano wa sweta. Bei yake ni dola 20,000, au dola 499 kwa mwezi kwa yule asiyetaka kununua moja kwa moja. Ahadi ni kwamba atakunja nguo, atapanga vyombo, atafungua mlango na kuzima taa.

Msomaji mwenye sikio la lugha amekwisha kuliona kosa letu. Tumeandika "haugui", "ana kichwa", "amevishwa", kana kwamba tunamzungumzia mtu. NEO si mtu. Ni mashine, na Kiswahili sanifu kingetutaka tuseme kwamba roboti hii inakunja nguo, kama tusemavyo kwamba pasi hii inaunguza. Kosa hilo tumelifanya makusudi, ili ndugu msomaji aone jinsi lilivyo jepesi kufanyika. Waliotengeneza mashine hiyo wanataka sote tulifanye. Ndiyo maana wameipa kichwa na kimo cha mtu, wakaipa jina na sauti ya kuitikia.

Si kampuni hiyo peke yake. Elon Musk wa kampuni ya Tesla amekuwa akitangaza tangu mwaka 2021 mashine iitwayo Optimus, ambayo amesema itauzwa kwa bei ya kati ya dola 20,000 na 30,000. Huko China, kampuni ya Unitree ilitoa roboti yenye umbo la mtu mwaka 2024 kwa dola 16,000, na mwaka uliofuata ikatoa nyingine ndogo zaidi kwa dola 5,900. Bei inashuka. Redio ilianza kwa wakubwa ikaishia kwa kila mtu; hali kadhalika simu ya mkononi. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba jambo hili ni la Wamarekani na anasa zao. Kabla watoto wetu hawajamaliza shule, huenda jirani akawa nayo sebuleni.

Basi swali hatuna budi kulijibu mapema. Je, inafaa binadamu amiliki mtumishi mwenye sura ya binadamu? Wapo watakaocheka na kusema kwamba chuma hakina haki, na mjadala umekwisha. Sisi tunakubali kwamba chuma hakina haki. Lakini mjadala haujaisha, kwa sababu katika kila utumwa wapo wawili, anayetumwa na anayetuma. Hata kama huyu wa kwanza ni chuma kitupu, wa pili bado ni mtu, na ni yeye anayetutia wasiwasi.

NENO NA ASILI YAKE

Neno roboti halikuzaliwa kiwandani, lilizaliwa jukwaani. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, aliandika mwaka 1920 tamthilia iitwayo R.U.R., nayo ikaonyeshwa mjini Prague mwaka 1921. Alipokuwa akitafuta jina la watumishi wa kutengenezwa waliomo katika tamthilia hiyo, ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, alimshauri atumie neno linalotokana na "robota". Kwa Kicheki neno hilo lilimaanisha kazi ya shokoa, yaani ile kazi ya lazima ambayo wakulima walimfanyia bwana wa ardhi bila ujira. Kwa hiyo kila tunapotamka roboti, tujue au tusijue, tunataja shokoa.

Watu wengi huikumbuka tamthilia ile kwa sababu ya maasi yaliyomo. Watumishi wa kutengenezwa wanawageukia mabwana zao na kuwaangamiza. Lakini liko jambo jingine ndani yake ambalo husahauliwa: kabla ya maasi hayo, binadamu wenyewe wamekwisha kuharibika. Wamekaa bila kazi ya mikono, wametumikiwa kwa kila jambo, hata wameacha kuzaa. Čapek hakuogopa mashine peke yake. Aliogopa pia bwana aliyelemaa kwa kutumikiwa.

Karne nyingi kabla yake, Aristotle wa Uyunani alimweleza mtumwa kuwa ni chombo chenye uhai. Akasema kwamba laiti vyombo vya kufumia vingeweza kufuma vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Alilitaja jambo hilo kama ndoto. Leo si ndoto tena. Vitambaa vinafumwa na mitambo, nafaka inasagwa na mitambo, na katika nyumba nyingi za mijini nguo zinafuliwa na mashine. Hakuna hata moja kati ya mashine hizo iliyohitaji uso ili ifanye kazi yake. Hakuna anayeitukana mashine ya kusaga, wala anayejiona mkubwa kwa sababu mashine ya kufulia imemtii.

Kama shida ilikuwa nguo chafu, basi shida hiyo imekwisha kupata dawa. Anayetaka mashine ya kufulia iwe na kichwa, isimame mlangoni na kuitika "naam, bwana", anatafuta kitu zaidi ya nguo safi. Anatafuta mtu wa kuamrisha.

SARUFI ILIMSUTA BWANA

Watu wa Afrika Mashariki hawana haja ya kusafiri mpaka Uyunani kulielewa jambo hili. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwezi Juni 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimika kuutia saini mbele ya Waingereza. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na fidia ilikwenda kwa bwana aliyepoteza "mali", si kwa mtu aliyepoteza maisha yake. Masuria walisubiri mpaka mwaka 1909. Tanganyika bara, sheria ya kuufuta kabisa utumwa ilitungwa mwaka 1922. Ni juzi tu kwa hesabu ya historia.

Lugha yetu imehifadhi ushahidi wa mambo hayo. Mtumwa, mtumishi na mtume ni maneno matatu ya shina moja. Yote yanatokana na kutuma. Aliyetumwa na Mungu, aliyetumwa kwa ujira na aliyetumwa kwa pingu wote wamepewa ngeli ya watu. Bwana aliyenunua mtu pale Mkunazini alimhesabu pamoja na mali yake, lakini alipofungua kinywa kumsema, sarufi ilimsuta. Alisema "mtumwa amekuja". Hakuthubutu kusema "mtumwa kimekuja". Hata kijakazi, aliyebandikwa kiambishi cha kumdogosha, alibaki akiwa "amekuja". Ulimi wa bwana ulikiri kila siku lile ambalo mkono wake ulilikanusha.

Uovu wa utumwa ulikuwa kumshusha mtu awe kitu. Biashara hii mpya inaanzia upande wa pili: inakipandisha kitu kiwe kama mtu. Waweza kudhani kwamba njia hizo mbili zinapishana. La hasha. Zinakutana mahali pamoja, mahali penye sura ya mtu isiyoweza kusema hapana. Bwana wa zamani alitaka hasa sura hiyo, akatumia kiboko kuipata. Bwana wa leo anaahidiwa kuipata bila kiboko, na bila dhamiri kumsumbua usiku.

Ukoloni nao ulikuwa na namna yake. Mwanamume mzima, mwenye mke na wajukuu, aliyepika na kufua katika nyumba ya Mzungu, aliitwa "boi". Alianza kazi akiwa boi na alizeeka akiwa boi. Yule mtoto wa Kizungu aliyemwona akiitwa hivyo na mama yake, naye akamwita hivyo. Hapakuwa na somo lililoandikwa ubaoni kumfundisha mtoto huyo kudharau. Alijifunza kwa kusikia.

"HAYA, KAKA"

Mwaka juzi nilikuwa mgeni katika nyumba ya jamaa yangu mmoja jijini Dar es Salaam. Sebuleni palikuwa na kile kifaa kidogo kinachosema, ambacho mtu hukiuliza hali ya hewa au kukiamuru kipige muziki, nacho hujibu kwa sauti ya mwanamke. Mtoto wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa akikiamuru. Kiliposhindwa kumwelewa alikiita mjinga. Watu wazima tukacheka, nami nilikuwa miongoni mwao.

Baada ya kitambo kidogo mtoto yule alitaka maji. Binti anayefanya kazi katika nyumba ile, ambaye kwa umri angeweza kuwa dada yake mkubwa, alichelewa kwa sababu alikuwa jikoni akitugawia chakula sisi wageni. Mtoto akapaza sauti ile ile, kwa neno lile lile. Safari hii hatukucheka. Lakini hakuna aliyemkemea pia. Binti akaleta maji, akasema, "Haya, kaka."

Nimekuwa nikiifikiri jioni ile tangu siku hiyo. Sidai kwamba kifaa kile kidogo ndicho kilichomwharibu mtoto. Huenda maneno yale aliyasikia kwetu wenyewe. Ninachodai ni kwamba mtoto hakuona mpaka kati ya sauti mbili za kike zilizopo nyumbani kwa ajili ya kumtumikia. Na kama hakuuona mpaka huo wakati moja ya sauti hizo inatoka katika kijikebe kisicho na mikono, atauona vipi siku itakapokuwa na mikono, kimo na uso, ikisimama jikoni bega kwa bega na binti yule? Wahenga hawakukosea: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wanaosema kwamba "ni chuma tu" wanasahau jinsi moyo wa binadamu ulivyoumbwa. Mwaka 2013 mtafiti mmoja wa Marekani, Kate Darling, aliwapa watu katika warsha mjini Geneva vidude vya kuchezea vyenye umbo la mnyama, vinavyotikisika na kulia. Wakacheza navyo. Kisha wakaambiwa wavipige na kuvivunja. Wengi walikataa. Walijua fika kwamba ni plastiki na nyaya, lakini mkono haukwenda. Mwaka 2015 roboti iliyoitwa hitchBOT, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imevuka nchi ya Kanada kwa kupewa lifti na wapita njia, ilikutwa mjini Philadelphia imevunjwavunjwa na kichwa chake hakionekani. Watu wengi walihuzunika kana kwamba amepigwa msafiri wa kweli.

Kusita huko si ujinga. Ni utu wenyewe ukifanya kazi yake. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba anayemtendea mnyama ukatili anaufanya mgumu moyo wake hata kwa wanadamu wenzake. Hoja hiyo inafaa hapa, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu mashine hii haifanani na mbwa wala punda. Imetengenezwa ifanane nasi. Mtu anayezoea kuamrisha sura ya binadamu usiku na mchana, bila kushukuru, bila kuomba radhi, bila kungoja zamu yake, anajizoeza kazi. Na kazi hiyo ni ubwana.

NANI YUKO NYUMA YA MASHINE?

Liko jambo la pili, na hili ni zito kwa yeyote anayejali mfanyakazi. Je, mtumishi huyu wa chuma ni wa chuma kweli?

Mwandishi wa gazeti moja la Marekani aliyeijaribu NEO mwaka 2025 alieleza kwamba kazi zote alizoziona zilifanywa kwa kuongozwa na mfanyakazi wa kampuni, aliyevaa miwani maalumu na kuona kwa macho ya mashine. Kupanga vyombo vitatu kulichukua dakika 5. Kampuni yenyewe hailifichi jambo hilo. Inasema kwamba kazi ambayo mashine haijaijua, mtaalamu ataiongoza kutoka mbali kwa idhini ya mwenye nyumba, na kwa njia hiyo mashine itajifunza. Hata zile Optimus zilizowahudumia wageni vinywaji katika hafla ya Tesla mwezi Oktoba 2024 zilikuwa zikisaidiwa na watu waliokuwa hawaonekani.

Basi mtumishi hajaondoka nyumbani. Amefichwa tu. Bwana haoni uso wake, hajui jina lake, hajui analipwa nini, wala hajui kama amekula. Leo mtu huyo huenda yuko Marekani. Lakini biashara, kama maji, hutafuta mteremko, na mteremko wa ujira tunaujua unaelekea wapi. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilifichua kwamba vijana mjini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha, ya mauaji na unajisi wa watoto, ili mashine iitwayo ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Walimwengu walishangaa jinsi mashine ile ilivyo na adabu. Wachache waliuliza adabu hiyo ilifundishwa na nani, na kwa gharama ya usingizi wa nani. Na kobalti inayotumika katika betri nyingi za kuchaji inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuuliza, mbele ya kila mali, ni nani aliyeitolea jasho na ni nani anayeifaidi. Mashine yenye umbo la mtu imetengenezwa kwa ustadi mkubwa wa kutufanya tusahau kuuliza swali hilo. Ukiona sura mbele yako, hutafuti sura nyingine nyuma yake.

Tutazame pia hesabu ya hapa nyumbani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri wake. Dola 20,000 ni karibu shilingi milioni 50. Kwa kima kile, bei ya roboti moja ni ujira wa binti mmoja kwa karibu miaka 70. Hata ukiuongeza ujira huo mara mbili, bado ni karibu miaka 35. Mtu aliye tayari kutoa fedha hizo kwa chuma, na aliyekuwa akilalamika kwamba shilingi 60,000 ni nyingi, ametuonyesha wazi anachokithamini.

Na yapo mataifa yaliyokwisha kutuonyesha. Mwezi Oktoba 2017, katika mkutano wa wawekezaji mjini Riyadh, Saudi Arabia ilitangaza kuipa uraia roboti yenye uso wa kike iitwayo Sophia. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Wakati huo huo mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wakifagia na kupika katika nyumba za nchi hiyo hiyo, chini ya utaratibu wa kafala, hawakuweza kubadili mwajiri wala kuondoka nchini bila ridhaa ya mwajiri huyo. Mashine isiyojua kiu ilipewa uraia kwa makofi. Mwanamke mwenye mama anayemngoja Tanga au Mombasa aliomba ruhusa ya kurudi kwao.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Haki inatutaka tusikilize upande wa pili, maana hoja zao si za kipuuzi.

Wa kwanza wanasema kwamba nyumba zetu zimejengwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Ngazi, vitasa, makabati na meza vimepimwa kwa miguu na mikono yetu, kwa hiyo mashine ya kufanya kazi humo haina budi kuwa na umbo hilo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini inathibitisha haja ya mikono, na pengine ya miguu. Haithibitishi haja ya uso, wala jina la kuitwa, wala sauti nyororo ya kike inayoomba radhi isipokosea. Kitasa hakiulizi kinafunguliwa na nani.

Wa pili wanawazungumzia wazee, wagonjwa na walemavu. Hapa tunasema nao kwa heshima. Kumnyanyua mzazi aliyepooza ni kazi inayovunja mgongo, na mara nyingi mgongo huo ni wa mke au binti. Chombo kitakachompunguzia mzigo ni neema. Lakini mfano mzuri tunao, nao hauna sura ya mtu. Wajapani walitengeneza roboti iitwayo Paro, yenye umbo la sili mdogo mwenye manyoya, na kwa miaka mingi imetumika kuwaliwaza wazee waliopoteza kumbukumbu. Haijifanyi muuguzi, wala haimpi mtu mazoea ya kumtuma binadamu mwenzake. Tena hata Paro isiwe kisingizio cha wana kuacha kwenda kumtazama mama yao.

Wa tatu ni wale wanaosema kwamba, kwa kuwa mashine hizi zinakaribia kuwa kama watu, dawa ni kuzipa haki. Mwezi Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililotaka, pamoja na mambo mengine, kufikiriwe hadhi ya mtu wa kielektroniki kwa roboti zenye uwezo mkubwa wa kujiamulia. Mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 150 waliandika barua ya kulipinga wazo hilo. Nasi tunawaunga mkono. Mashine ikimwangusha mtoto na kumvunja mkono, nani atalipa? Ikiwa mashine ni mtu, mwenye kiwanda atasema, "Mshitaki huyo." Kumpa hadhi ya mtu asiyeweza kujuta wala kufungwa ni kumpa ngao mwenye mali.

Na yupo Joanna Bryson, mtaalamu wa mambo haya, aliyeandika mwaka 2010 kwamba roboti ziwe watumwa. Makusudi yake yalikuwa mema: alitaka kusema kwamba roboti ni mali, zisitengenezwe zidanganye watu kuwa ni wenzao, na wenye nazo wasikwepe dhamana. Tunaukubali moyo wa hoja hiyo na kulikataa neno. Kwa anayetoka katika nchi yenye Bagamoyo na Mkunazini, neno mtumwa halikopeshwi kwa jiko la umeme. Lina wenyewe, nao wamezikwa bila majina.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mashine iwe mashine na ijulikane hivyo. Wale watakaotunga sheria na viwango vya bidhaa hizi hapa kwetu wakatae zile zinazojifanya mtu pasipo haja. Ifue, ipike, ibebe maji, ifyeke shamba, lakini isipewe uso wa binti wa mtu ili mwenye fedha apate wa kumtuma. Nasi katika kusema kwetu tuilinde ngeli ya watu. Tuseme roboti hii inafagia. Si ubishi wa walimu wa sarufi. Ni mpaka, na mpaka usiolindwa huhama.

Pili, mwenye mali abebe dhamana ya mali yake. Aliyetengeneza na aliyenunua ndio wa kujibu mahakamani, si chuma.

Tatu, mtu aliye nyuma ya mashine ajulikane. Mwenye nyumba aambiwe ni nani anayeongoza mikono ile, yuko nchi gani, na kwa ujira gani. Na kijana wetu atakayeajiriwa kazi hiyo mbele ya kioo usiku wa manane ahesabiwe kuwa mfanyakazi kamili, mwenye mkataba na chama cha wafanyakazi.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tumalize kwanza hesabu na mtumishi wa nyama na damu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watumishi wa nyumbani duniani ni milioni 75.6, robo tatu yao wakiwa wanawake, na kwamba wanane kati ya kila kumi hawana ajira iliyo rasmi. Mkataba Namba 189 wa shirika hilo uliopitishwa mwaka 2011 unataka wapewe siku ya mapumziko, masharti ya kazi yanayoeleweka, na ujira unaolipwa kwa wakati. Haya si makubwa. Ni yale ambayo kila msomaji wa gazeti hili huyadai kwa mwajiri wake mwenyewe.

Hatuhitaji kungoja roboti ya California ifike bandarini ndipo tuanze. Jioni hii, katika nyumba nyingi, yupo binti ambaye atakuwa wa mwisho kula na wa kwanza kuamka. Ana jina alilopewa na wazazi wake, na pengine mwaka mzima umepita bila mtu wa nyumba ile kulitamka. Tumwite kwa jina hilo. Tumlipe haki yake mwisho wa mwezi bila kusukumana. Na mtoto wa nyumba akimpigia kelele, asikilizwe na mtu mzima mmoja atakayesimama na kusema: huyo ni dada yako, mwombe radhi.

Taifa litakalojifunza hilo linaweza kuzipokea mashine zote za dunia bila hofu. Likishindwa, halitahitaji mashine kulifundisha ubwana, maana litakuwa tayari linaujua.